Anayetaja Jina Ndiye Anayepanga Bei: rupia za Mjerumani na vitu vya kale katika minada ya mtandaoni

Katika mnada wa mifugo huko Hanang, mkoani Manyara, mnunuzi hasubiri kuelezwa ng'ombe ni wa namna gani. Anamfungua mdomo aangalie meno, anampapasa nundu na mbavu, anamtembeza aone kama anachechemea, anakagua chapa, ndipo anauliza kibali. Dalali anaweza kumsifia mnyama mpaka koo likauke, sifa hizo haziongezi hata kilo moja. Mfugaji aliyeswaga ng'ombe wake kutoka Getanuwas anaijua bei ya siku hiyo kwa sababu ameshuhudia ng'ombe wa wenzake wakiuzwa kabla ya wake, hadharani, kwa fedha taslimu.

Sasa mtoto wa mfugaji huyo aokote shambani kisarafu cheusi chenye maandishi DEUTSCH OSTAFRIKA. Atakipiga picha, atalitafuta jina hilo kwenye simu, na atajikuta katika mnada wa aina nyingine. Sarafu ileile, mwaka uleule, mmoja anaiuza dola 5, mwingine anaitaka dola 5,000. Huyu ameandika "nadra sana", yule hakuandika kitu. Hakuna wa kupapasa nundu wala wa kuhesabu meno. Kuna picha, kuna maelezo ya muuzaji, na kuna tarakimu.

Biashara ya vitu vya kale vya Afrika Mashariki mtandaoni ina malalamiko mawili makubwa: bei zinazoruka na majina yasiyo ya kweli. Kwa kawaida huzungumzwa kila moja peke yake, kana kwamba bei ni suala la tamaa na jina ni suala la ujinga. Ukiyachunguza kwa makini, ni jambo moja. Kwenye mtandao kinachouzwa kwanza ni jina la kitu, na jina hilo hutajwa na mtu atakayefaidika nalo. Anayekijua kitu kwa kukitumia au kwa kurithishwa habari zake, yaani mtu wa Hanang, wa Mbulu au wa Tabora, haulizwi. Na bei iliyozaliwa na jina la uongo haiishii huko Ulaya au Marekani. Hurudi nyumbani ikiwa uvumi, na uvumi huo unawagharimu watu fedha zao.

Rupia zilifikaje vijijini

Tuanze na sarafu, maana ndizo zinazotafutwa zaidi. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1890. Pesa ya shaba ilitolewa kati ya 1890 na 1892, upande mmoja ikiwa na tai wa Ujerumani na upande wa pili maandishi ya Kiarabu, kwa kuwa wafanyabiashara wa pwani waliyazoea. Rupia ya fedha ilikuwa na picha ya Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma, na ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, sawa na rupia ya India ambayo tayari ilikuwa ikitumika katika soko la Bahari ya Hindi. Kuanzia 1904 serikali ya kikoloni ikatoa sarafu zake yenyewe, rupia moja ikigawanywa katika heller 100.

Kilichozisukuma sarafu hizi mpaka bara kilikuwa kodi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwishoni mwa miaka ya 1890, na serikali ilitaka watu waingie katika uchumi wa fedha. Mfugaji asiye na rupia alilazimika kuuza mnyama au kwenda kufanya kazi ya ujira. Ndiyo maana heller na rupia zinaokotwa hata mahali ambapo hapakuwahi kuwa na duka la Mjerumani: zilipitia mikononi mwa watu wa kawaida, zikafungwa kwenye nguo, zikaanguka njiani, zikatobolewa zikawa mapambo. Waingereza walipochukua nchi na kuleta shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, fedha ya Mjerumani ikabaki chuma kisicho na duka la kwenda.

Sura ya mwisho ya fedha hiyo ndiyo yenye umaarufu mkubwa mnadani. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga bahari na sarafu hazikuweza kuletwa kutoka Ujerumani. Mwaka 1916 Wajerumani wakafyatua sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli mjini Tabora, kwenye Reli ya Kati iliyokuwa imefika Kigoma miaka miwili tu kabla. Walitengeneza heller 20 na heller 5 kwa shaba waliyoweza kuikusanya, yakiwemo maganda ya risasi. Kwa dhahabu walitengeneza rupia 15. Dhahabu ilitoka Sekenke, Iramba, mkoa wa Singida, upande wa magharibi wa Hanang, na mihuri ilichongwa na sonara kutoka Ceylon. Upande mmoja una tembo aliyeinua mkonga, milima ikiwa nyuma yake. Upande wa pili yupo tai. Zilitoka sarafu hizo za dhahabu zaidi ya 16,000, kisha Septemba 1916 Tabora ikaangukia mikononi mwa jeshi la Wabelgiji.

Tembo mmoja kwenye mizani

Sarafu hiyo ya dhahabu, ambayo wakusanyaji huiita Tembo wa Tabora, huuzwa kwa dola elfu kadhaa ikiwa halisi na katika hali nzuri. Kwa hiyo ndiyo inayoigwa kuliko nyingine. Tuitumie kuonyesha jinsi jina na kitu vinavyoachana.

Tembo halisi ana upana wa milimita 22 na ushee, dhahabu ya ubora wa 750 kwa 1,000, uzito gramu 7.168. Tangazo la mtandaoni linaonyesha duara la manjano linalong'aa, tembo yupo, 1916 imeandikwa, na maelezo yanasema "dhahabu, Afrika Mashariki ya Kijerumani, imetoka kwa babu". Katika picha, kila kitu kipo isipokuwa uzito. Na uzito ndio shahidi. Kipande cha shaba ya njano chenye upana na unene uleule hakifiki hata gramu 5, kwa sababu dhahabu ya ubora huo ina uzito unaokaribia mara mbili ya shaba. Sonara yeyote wa Babati au Singida, kwa mizani yake ndogo ya mezani, anaweza kumaliza ubishi huu kabla chai haijapoa. Tangazo lisilotaja uzito, au linalotaja "takriban gramu 4" kwa herufi ndogo huku neno dhahabu likiwa kubwa, limeshajieleza.

Hapo ni kwa feki ya kizembe. Zipo nakala zilizotengenezwa kwa dhahabu kweli, na hizo mizani haizitoi. Hapo inabidi kutazama mkono wa sonara. Sarafu za Tabora zilitoka katika mihuri iliyochongwa kwa mkono, na wataalamu wanatofautisha aina mbili kwa kuangalia mahali nakshi ya pambizoni inapoishia chini ya herufi za neno OSTAFRIKA. Nakala nyingi zina herufi nono, pembe na mkonga vilivyolainika, na wakati mwingine nakshi iliyokaa mahali ambapo haikuwahi kukaa katika sarafu yoyote halisi. Mtu aliyeshika tano halisi huiona nakala upesi. Asiyewahi kushika hata moja anaona tembo tu.

Upande wa pili wa mizani wapo akina heller. Heller moja za shaba zilifyatuliwa kwa mamilioni kati ya 1904 na 1913. Heller 20 za Tabora, zile za shaba ya njano, ni nyingi pia, zaidi ya milioni moja. Hizi si nadra hata kidogo. Bei zake katika mauzo ya kweli huwa dola chache mpaka makumi kadhaa, kutegemea hali ya sarafu. Hata hivyo, kwa kuwa hutangazwa kwa maneno yaleyale "Tabora" na "1916" yaliyompa Tembo umaarufu, wauzaji huziandikia sifa zake. Jina la ndugu tajiri linamfuata maskini mpaka mnadani.

Kisha kuna makosa ya kutojua. Pesa ya Kijerumani yenye maandishi ya Kiarabu hutangazwa kama ya Oman. Pesa ya Zanzibar ya Sultani Barghash, yenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, hutangazwa kama ya Kijerumani au ya Mombasa, kwa kuwa Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki nayo ilitoa pesa yake ya Mombasa ya 1888 yenye mizani. Hizi ni sarafu za kawaida, na mtu anayesoma Kiarabu kidogo au aliyekulia Unguja angelisahihisha tangazo kwa sentensi moja. Lakini hakuna utaratibu wa kumfikia.

Sketi ya Mbulu iliyobatizwa Umasai

Kwa sarafu, angalau kuna maandishi. Kwa mapambo na mavazi, jina lote hutoka mdomoni kwa muuzaji.

Mwanamke wa Kibarbaig, tawi la Wadatooga, aliyeolewa, katika mavazi ya jadi, huvaa sketi ya ngozi ya ng'ombe iliyokatwa mistari mirefu na kupambwa shanga. Upande wa Mbulu, wasichana wa Kiiraqw walipokuwa wakiwekwa ndani katika unyago wa marmo walishona sketi za ngozi zenye shanga nyingi sana, kazi ya miezi, kila moja ikiwa na michoro yake. Unyago huo ulikoma wakati wa ukoloni, kwa hiyo sketi halisi za marmo zilizobaki ni chache na nyingi zimo katika makumbusho na makusanyo ya watu binafsi. Hivi ni vitu vya jamii mbili zenye lugha za asili tofauti kabisa, jirani kwa jirani. Katika matangazo ya mtandaoni, sketi zote mbili hukutwa mara kwa mara chini ya jina moja: "Maasai".

Sababu yake ni ya kibiashara kabisa. Mnunuzi wa Hamburg au Chicago hatafuti "Iraqw" wala "Datooga". Hajawahi kuyasikia majina hayo. Anaandika "Maasai" kwenye kisanduku cha kutafutia. Muuzaji anayetaka kitu chake kionekane analiandika jina ambalo mnunuzi analijua, si jina la kitu. Yaani ujinga wa mnunuzi ndio unaokipa kitu jina, na kila anayenunua sketi ya Mbulu kama ya Kimasai anauongezea mtandao picha moja zaidi ya "sketi ya Kimasai" itakayomdanganya anayefuata.

Ajabu ni kwamba hapa jina la uongo halipandishi bei kila mara. Bangili mpya iliyofuliwa na wahunzi wa Kidatooga karibu na Ziwa Eyasi kwa shaba ya makufuli na mabomba chakavu, ikaitwa "bangili ya kale ya Kimasai", inapanda. Lakini sketi halisi ya marmo ikiitwa "vazi la Kimasai", inashuka, kwa kuwa vitu vya Kimasai vya kuuzia watalii vimejaa tele. Anayejua anaipata kwa bei ya kutupa, anaiandika upya kwa jina lake sahihi, na kuiuza kwa wakusanyaji wakubwa kwa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo si kweli kwamba uongo wa majina unamfaidi mwongo peke yake. Unamfaidi yeyote anayejua zaidi ya mwenzake. Na katika mlolongo wote huo, bibi wa Mbulu ambaye mama yake alishona sketi kama ile hapati senti, wala hatajwi.

Mkoa wa Manyara una mfano mwingine mkubwa zaidi: tanzanaiti, inayochimbwa Mererani peke yake duniani. Tangu ipewe jina hilo mwaka 1968, limekuwa jina la thamani, na leo minada ya mtandaoni inauza vioo vya rangi ya zambarau kwa karati nyingi na bei ndogo isiyoweza kununua hata kipande cha jiwe halisi. Na wachoraji wa Dar es Salaam wanajua habari ya Edward Saidi Tingatinga, aliyechora kwa takriban miaka 4 tu kabla ya kuuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Saini yake imeonekana kwenye picha ambazo mkono wake haukuzigusa.

Kwa nini bei inaruka

Hayo ndiyo majina. Sasa bei. Mtu anayetazama mtandaoni hukutana na aina mbili za bei bila kuzitofautisha: bei inayotakwa na bei iliyolipwa. Bei inayotakwa haina gharama. Muuzaji anaweza kuandika dola 5,000 kwenye heller moja na kukaa mwaka mzima. Akipata mmoja asiyejua, amefaulu. Matangazo ya aina hii hubaki mtandaoni muda mrefu kwa sababu hayauziki, kwa hiyo ndiyo yanayoonekana zaidi. Sarafu zilizopangiwa bei ya haki huuzwa haraka na kutoweka. Anayechungulia sokoni anaona mabaki, anadhani ndiyo soko.

Katika mnada wenyewe wa kupandisha dau, kuna mitego mingine. Muuzaji anaweza kumpanga ndugu au rafiki, au kufungua akaunti ya pili, apandishe dau la uongo. Mnada wa hadhara unao wapandishaji wa kupangwa pia, ila pale wanaonekana, na watu wa mnadani wanawajua kwa sura. Mtandaoni mpandishaji ni jina la utani na namba. Isitoshe, wachumi wanajua kwamba mshindi wa mnada wa kitu kisichojulikana vizuri mara nyingi ndiye aliyekosea zaidi katika kukikadiria; wenzake wote waliamini kina thamani ndogo kuliko alivyoamini yeye.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alieleza linalotokea sokoni pale muuzaji anapojua ubora wa kitu na mnunuzi hajui. Mnunuzi hukadiria bei ya wastani, mwenye kitu kizuri huona anapunjwa, anajitoa, na soko linabaki na vibovu. Akerlof alitumia mfano wa magari yaliyotumika, na kazi hiyo ilimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Ndivyo ilivyo kwa Tembo wa Tabora. Mwenye sarafu halisi anaogopa kuiuza mtandaoni kwa sababu hataaminiwa. Anaipeleka kwa nyumba kubwa za mnada zenye wataalamu. Mtandaoni zinaongezeka nakala.

Kwingine duniani wamejaribu dawa. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1973 inayotaka nakala za sarafu zigongwe neno la kuonyesha kuwa ni nakala. Kampuni binafsi za kukagua sarafu, PCGS iliyoanza kazi mwaka 1986 na NGC ya 1987, huifunga sarafu katika kasha la plastiki lenye namba na daraja. Dawa hizi zimesaidia, lakini zimezaa ugonjwa mpya: makasha feki. Wakusanyaji wa treni ndogo za mfano huko Ulaya na Marekani, wanaonunua Märklin ya Ujerumani au Lionel ya Marekani, wanalia kilio hichohicho: boksi halisi lililotiwa treni isiyo yake, kichwa cha treni kilichopakwa rangi upya na kuitwa cha awali, vipuri vya jana katika mwili wa zamani. Cheti, boksi na kasha vyote ni majina yaliyopewa umbo. Anayeweza kuiga kitu anaweza kuiga na jina lake.

Uvumi unaporudi nyumbani

Wapo watakaosema: kwani kuna ubaya gani? Kama tajiri wa ng'ambo ameamua kutoa dola 500 kwa heller ya dola 5, ni fedha yake. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama bei hiyo ingebaki huko.

Haibaki. Tanzania ina imani ya muda mrefu kwamba Wajerumani walipokimbia vita walifukia hazina: dhahabu, rupia, masanduku ya chuma. Watu huzisoma alama kwenye miamba, mibuyu na makaburi, wakiamini ni ramani. Huko Kondoa, jirani wa Hanang upande wa kusini-mashariki, wachimbaji wa hazina wamechimba hata penye michoro ya miambani, eneo lililoingizwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2006. Kilichochorwa na watu walioishi huko kabla Ujerumani haijaitwa Ujerumani kinaharibiwa kwa kutafuta mali ya utawala uliodumu takriban miaka 30.

Simu janja imeipa imani hiyo risiti. Zamani tapeli alilazimika kusimulia. Leo anaonyesha kioo. "Tazama mwenyewe, rupia kama hii inauzwa dola elfu kumi." Tangazo ni la kweli, lipo, lina picha. Ambacho hakionyeshwi ni kwamba halijawahi kununuliwa. Baada ya hapo mchezo unafahamika: kuna mnunuzi mkubwa, yuko Dar es Salaam au Dubai, anazitaka, lakini kwanza inahitajika fedha kidogo ya kipimo, ya cheti, ya forodha, ya nauli ya mtaalamu. Ni mtoto wa ule utapeli wa simu wa "hela tuma kwenye namba hii", amevaa kofia ya Kaisari. Mtu anauza ng'ombe anayemjua bei ili agharimie sarafu asiyoijua.

Wapo pia wanaosema rupia fulani zina nguvu, na kwamba ndiyo maana wazungu wanazilipia. Bei ya ajabu inahitaji sababu ya ajabu. Mtu akishaamini kwamba kipande cha shaba kina thamani ya nyumba, atatafuta maelezo yanayolingana na bei, na mganga wa kuyatoa hakosekani. Kwa hiyo tangazo la uongo la huko mbali si ujinga wa mtu mmoja. Ni mali ghafi ya utapeli wa hapa.

Sheria inafika wapi

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale visitoke nchini bila kibali, lakini mpaka wake mkuu kwa vitu vinavyohamishika ni mwaka 1863. Rupia na heller zote zimezaliwa baada ya hapo. Sheria hiyo inavigusa pia vitu vya asili vya kiutamaduni, lakini sketi iliyoondoka Mbulu miaka ya 1920 katika sanduku la ofisa wa kikoloni haitarudishwa na kifungu kinachosimamia mipaka ya leo.

Vita dhidi ya bidhaa feki navyo vinaangalia kwingine. Vyombo vya udhibiti hukamata simu, matairi na vipodozi vinavyoiga alama ya biashara ya kampuni fulani, kwa sababu kampuni ipo na inalalamika. Dola ya Kaisari ilianguka mwaka 1918. Hakuna mwenye alama wa kwenda kulalamika kwamba tembo wake ameigwa. Inabaki Kanuni ya Adhabu, kosa la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Kosa hilo linaweza kuthibitishwa pale tapeli yupo Katesh na aliyetapeliwa yupo Getanuwas. Muuzaji akiwa nchi ya tatu, mtandao ukiwa wa nchi ya nne, na jina la muuzaji likiwa herufi sita na tarakimu, jalada linafia mezani.

Dawa ni kujua kwa pamoja

Kwa hiyo nguvu kubwa zaidi haiko katika kukamata. Iko katika kile ambacho mnada wa ng'ombe unacho na mnada wa mtandaoni umenyimwa: watu wengi wanaojua kitu, wanaoona bei iliyolipwa, na wanaosema kwa sauti. Mfugaji hadanganyiki kirahisi kwenye ng'ombe, na hilo halitokani na usomi wake. Jamii yake nzima inafahamu ng'ombe, na kila mauzo yanaonekana.

Kwa mtu mwenye sarafu, hatua ni chache na hazina gharama kubwa. Asiisafishe, kwa kuwa mkusanyaji huipunguzia bei sarafu iliyosuguliwa kwa mchanga au ndimu. Aipime uzito kwa sonara, asome mwaka, atazame herufi A ya Berlin, J ya Hamburg au T ya Tabora. Kisha atafute bei za mauzo yaliyokamilika. Mitandao mingi ya mnada na nyumba kubwa za mnada huzionyesha kwa anayezitafuta. Zile za matangazo yanayosubiri aziache. Na anayemdai fedha kabla ya kununua si mnunuzi, hata akija na suti.

Kwa taasisi, kazi ni kuyatoa maarifa mahali yalipofungwa. Makumbusho ya Taifa yakitoa kijitabu cha Kiswahili chenye picha na uzito wa kila sarafu iliyotumika nchini tangu pesa ya Barghash, kikabandikwa kwenye ofisi za kata na kutumwa kwa simu, kitaua utapeli mwingi kuliko semina. Ofisa utamaduni wa wilaya, Mbulu na Hanang, anaweza kukaa na wanawake wazee wa Kiiraqw na Kibarbaig, kupitia picha za vitu vinavyouzwa mtandaoni na vilivyomo katika makumbusho ya nje, na kuandika: hii ni ya nani, ilivaliwa lini, kwa nini shanga ziko hivi. Makumbusho kadhaa ya Ulaya siku hizi yameweka picha za makusanyo yao mtandaoni na yanakaribisha masahihisho. Jina sahihi likishaandikwa mahali pa wazi, kila muuzaji wa kesho atalikuta anapotafuta, na mnunuzi wake pia.

Kazi hii ina haraka yake. Sarafu itasubiri, uzito wa gramu 7.168 hautabadilika. Wanaoweza kuitambua sketi ya marmo kwa kuiangalia tu ni wachache, na ni wazee. Wasipoulizwa sasa, jina la "Maasai" litabaki juu ya kazi za Mbulu bila mtu wa kulipinga, na bei itaendelea kupangwa na yule aliyetaja jina kwanza.